Vumbi, Nondo na Mkebe wa Hewa: Tulivyojifunza Kusafisha Kompyuta

Kama nyumbani kwenu kuna kompyuta ya mezani, hebu fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Iwashe, iache ifanye kazi nusu saa, kisha weka kiganja nyuma yake pale feni inapotolea hewa. Ukisikia upepo wa kutosha, hata kama ni wa vuguvugu, mashine inapumua. Ukisikia joto bila upepo, basi ndani kuna blanketi la vumbi, na makala hii inakuhusu.

Mimi somo hili nililipata kwa hasara. Nikiwa mwaka wa pili chuo, nilirudi nyumbani likizo nikakuta kompyuta ya steshenari ya mama inaunguruma kama mashine ya kusaga. Nikajiona mtaalamu. Nikaibeba mpaka kwa fundi pancha pale kona, nikamwomba anipulizie kwa kompresa ya kujazia upepo matairi. Vumbi likatoka wingu zima, feni ikazunguka kwa kasi mpaka ikapiga mluzi, tukacheka. Jioni ile mashine iliwaka vizuri. Baada ya dakika kumi ikazima. Ukiiwasha tena, dakika kumi, inazima. Mama hakugomba, aliuliza tu: “Sasa wanaokuja kuchapa barua kesho niwaambie nini?”

Feni ya prosesa ilikuwa imekufa, na niliyeiua ni mimi. Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya mashine hizi, niligundua kuwa karibu kila kosa nililofanya siku ile lilishafanywa na watu wengine zamani, tena kwenye mashine za gharama kubwa mno. Kila tahadhari unayoisikia leo kuhusu kusafisha kompyuta ina kisa nyuma yake. Tuvipitie visa hivyo, halafu mwishoni tufungue mashine pamoja.

Nondo wa Harvard

Tuanze na tarehe 9 Septemba 1947, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mafundi wa kompyuta iliyoitwa Mark II walikuwa wanatafuta sababu ya mashine kukosea. Mark II haikuwa na chipu hata moja. Ilihesabu kwa relei, yaani swichi ndogo zinazofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme. Ndani ya relei mojawapo wakakuta nondo amebanwa. Nasema nondo yule mdudu, siyo nondo za zege, wala zile nondo tunazoshushiana darasani. Wakamtoa, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kumbukumbu za mashine, wakaandika kwa utani kwamba safari hii mdudu halisi amepatikana. Daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, na nondo wake bado yumo.

Utani ule ulieleweka kwa sababu wahandisi wa Marekani walikuwa wakiita hitilafu “mdudu” tangu enzi za Thomas Edison, karne ya 19. Grace Hopper, mmoja wa waanzilishi wa fani ya programu za kompyuta na mwanatimu wa pale Harvard, alisimulia kisa hicho mara nyingi sana mpaka kikajulikana dunia nzima.

Ukikiangalia kisa chenyewe kwa jicho la fizikia, kina jambo moja muhimu. Relei hufanya kazi pale vipande viwili vya chuma vinapogusana. Kitu chochote kikiingia katikati, awe mdudu au punje ya vumbi, umeme haupiti. Uchafu wa enzi zile ulikuwa tatizo la mguso. Tatizo hilo halijaisha: mpaka leo unaweza kuchomoa RAM, ukafuta meno yake, ukairudisha, na mashine iliyogoma kuwaka ikawaka.

Pasi 150 ndani ya chumba kimoja

Tatizo la pili lilikuwa joto. Februari 1946, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha hadharani kompyuta ya ENIAC. Ilikuwa na valvu karibu 18,000, zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za babu zetu. Ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30 na ilitumia umeme wa kilowati zipatazo 150. Pasi ya nyumbani hutumia kama kilowati 1. Kwa hiyo fikiria pasi 150 zimewashwa kwa pamoja kwenye ukumbi mmoja. Bila feni kubwa za kuisukumia hewa, mashine ingejipika yenyewe.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wa chumba cha kompyuta: kiyoyozi, hewa iliyochujwa, milango inayofungwa muda wote. Kama shuleni kwenu mlilazimishwa kuvua viatu kabla ya kuingia maabara ya kompyuta, na mkaona mwalimu anawaonea, ile sheria ni mjukuu wa vyumba hivyo.

Halafu kompyuta ikatoka chumbani. IBM PC, iliyotangazwa Agosti 1981, ilikaa juu ya meza ya kawaida na kujipoza kwa feni moja tu iliyokuwa kwenye pawa saplai yake. Kwetu Tanzania safari hiyo ilichelewa, kwani serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Zilipokuja kuingia majumbani, hazikukuta chumba chenye hewa iliyochujwa. Zilikuta vumbi la barabara ya udongo, moshi wa jiko la mkaa na, kwa walio pwani, upepo wa chumvi. Nasi tukawa na suluhisho letu: kitambaa cha kufuma. Kilianzia kwenye redio, kikahamia kwenye televisheni, kikaishia kwenye kompyuta. Kitambaa kinasaidia mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa imewashwa, unakuwa umeiziba pua.

Kwa nini vumbi linaleta joto? Juu ya prosesa kuna kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi membamba. Joto hupanda kwenye mapezi, feni inasukuma hewa katikati yake, hewa inaondoka na joto. Vumbi likijaa pale linafanya kazi ya blanketi: nyuzi zake zinashikilia hewa isiyosogea, na hewa isiyosogea hupitisha joto vibaya sana. Prosesa inaendelea kuzalisha joto lilelile, ila njia ya kutokea imezibwa.

Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video iliyozua gumzo. Waliondoa kipoza joto juu ya prosesa zikiwa kazini. Athlon ya kampuni ya AMD iliungua ndani ya muda mfupi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo, ikaendelea kuishi. Prosesa za leo zote zina ulinzi wa namna hiyo: zikipata joto sana, kwanza hupunguza kasi, na joto likizidi hujizima. Sasa elewa maana yake kwako. Kompyuta iliyokuwa nzuri inaanza kuwa nzito, na mtu anaambiwa ni virusi, apige fomati, au anunue nyingine. Wakati mwingine ni virusi kweli. Lakini wakati mwingine ni vumbi tu, na mashine inapunguza mwendo ili isife. Kwa familia ambayo kompyuta hiyo moja ndiyo duka, ndiyo shule, kosa hilo ni la pesa nyingi.

Diski isiyotaka kuonwa

Mwaka huohuo wa 1956 ambapo diski ya kwanza ya kibiashara ilianza kuuzwa, vumbi lilipata adui mpya. IBM 350, iliyokuwa sehemu ya mfumo wa RAMAC, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, na zote kwa pamoja zilibeba herufi kama milioni 5. Wimbo mmoja wa MP3 ulio kwenye simu yako unaweza kuzidi hapo.

Siri ya diski ni kwamba kichwa kinachosoma hakiigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa mto mwembamba wa hewa. Kadiri miaka ilivyokwenda, ili data nyingi zaidi ziingie, kichwa kilishushwa karibu zaidi na zaidi, mpaka leo umbali huo ni nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Kwa kichwa cha diski, chembe ya moshi wa sigara ni jabali katikati ya barabara. Kikiigonga, kinaweza kukwangua sahani, na data ikakwanguliwa nayo.

Mwaka 1973 IBM walileta diski ya 3340, maarufu kwa jina la Winchester, ambapo sahani na vichwa vilifungiwa pamoja ndani ya kasha moja. Badala ya kuwafundisha watu kusafisha diski vizuri zaidi, waliwanyima nafasi ya kuigusa. Diski nyingi za sahani zilizokuja baadaye zilifuata njia hiyo. Kwa hiyo ukiwa unasafisha mashine yako ukakutana na kasha la diski lenye skrubu, zile skrubu siyo mwaliko. Futa nje, iache.

Mtu aliyeacha kulikimbiza vumbi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanafizikia Willis Whitfield alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Sandia huko New Mexico, Marekani. Viwanda vya vifaa vidogo vya usahihi vilikuwa na vyumba safi tayari, lakini vilikuwa safi kwa jina tu. Watu walivaa makoti, wakapiga deki, wakafuta meza, na vumbi bado lilikuwepo. Mtu akitembea, analitimua upya.

Whitfield alikuja na wazo rahisi kiasi cha kushangaza. Hewa iliyochujwa iingie muda wote kwa mwendo wa taratibu na kwa mwelekeo mmoja, kwa mfano kutoka darini kwenda sakafuni, na itoke kupitia matundu ya chini. Vumbi lolote linalotimuliwa linasombwa kabla halijapata pa kutua. Chumba chake kilikuwa kisafi kuliko vilivyokuwepo kwa zaidi ya mara elfu. Viwanda vya chipu vya leo vimejengwa juu ya wazo hilo.

Kwa mtu wa nyumbani, somo la Whitfield ni kujiuliza hewa inaelekea wapi. Nilipopuliza kompyuta ya mama kwa nguvu kutoka kila upande, vumbi lingine nililipeleka ndani zaidi, kwenye pawa saplai na kwenye nafasi za RAM. Ilitakiwa nipulize kutoka ndani kwenda nje, njia moja, nikiwa uani na siyo sebuleni.

Usafi uliotoboa anga

Kisa kinachofuata ndicho kikubwa kuliko vyote, na sehemu yake imefanyika hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mkemia Thomas Midgley na wenzake nchini Marekani walitengeneza kundi la gesi zinazoitwa CFC kwa ajili ya friji. Zilikuwa kama ndoto. Haziwaki moto, hazina sumu ya haraka, hazili chuma wala plastiki. Zikaingia kwenye friji, kwenye mikebe ya kupuliza, na mojawapo, CFC-113, ikawa kipenzi cha viwanda vya elektroniki. Bodi ikitoka kulehemiwa, iliogeshwa kwenye CFC-113, mabaki yote yakayeyuka, kimiminika kikakauka chenyewe bila kuacha alama.

Swali ambalo halikuulizwa mapema ni hili: kikikauka, kinakwenda wapi? Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wanakemia wa Chuo Kikuu cha California, walilijibu kwenye jarida la Nature. Ule ukaidi wa CFC wa kutoungana na kitu chochote ndio uliozifanya zipande salama mpaka tabaka la juu la anga. Huko miale mikali ya jua huzivunja na kuachilia klorini, na klorini hula ozoni, ile ngao inayotukinga na miale hatari. Viwanda vilibisha. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakatangaza kuwa ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikafunguliwa kwa kusainiwa. Molina na Rowland walipata Nobeli mwaka 1995, pamoja na Paul Crutzen.

Viwanda vya elektroniki, vilivyokuwa vimesema haiwezekani, viliweza. Vingine vilirudi kwenye maji, vingine vilitafuta njia ya kulehemu isiyoacha uchafu wa kusafishwa. Na ile mikebe ya hewa ya kupulizia kompyuta ikajazwa gesi za HFC, hasa HFC-134a na HFC-152a. Hizi haziharibu ozoni. Tatizo ni kwamba zinanasa joto: kilo moja ya HFC-134a inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi, ukihesabu kwa miaka 100. Ndiyo maana Oktoba 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali, na yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Kwa hiyo ule mkebe unaoandikwa “hewa” hauna hewa. Una gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. HFC-152a inawaka moto, kwa hiyo usiipulize karibu na jiko wala kwenye mashine iliyowashwa. Ukiuinamisha mkebe, hutoka kimiminika cha baridi kali kinachoweza kuunguza ngozi na kupasua sehemu zilizo na joto. Na wapo vijana wanaoivuta kwa makusudi ili walewe; gesi hii inaweza kusimamisha moyo siku hiyohiyo. Ukiikuta nyumbani, iweke mbali na watoto.

Cheche usiyoiona

Kisa cha mwisho hakina vumbi. Kuanzia miaka ya 1960, chipu zilianza kujengwa kwa transista za aina ya MOS. Ndani yake kuna utando mwembamba sana wa kuhami umeme. Utando huo ukipigwa na volti kubwa kuliko uwezo wake, unatoboka.

Wewe mwenyewe ni chanzo cha volti hizo. Ukisugua nguo ya nailoni au kutembea juu ya zulia, mwili unajikusanyia umeme tuli. Ukishika kitasa ukasikia kakichomo, hapo pana volti zipatazo 3,000 au zaidi. Chini ya hapo huhisi kitu, wakati chipu nyingine zinaumia kwa volti mia moja au hata chini yake. Yaani unaweza kuua kipande cha kompyuta bila kusikia lolote, au kukijeruhi kikaja kufa mwezi ujao, wewe ukaamini ni cha bandia.

Hatari inategemea unakaa wapi. Dar es Salaam au Mombasa, hewa ina unyevu mwingi, na unyevu unaotua juu ya vitu unasaidia umeme huo kuvuja taratibu. Dodoma kiangazi, hewa kavu na upepo, unajikusanya vizuri tu. Viwandani wafanyakazi huvaa bangili yenye waya unaokwenda ardhini, na ndani ya waya kuna kizuizi cha omu milioni 1, ili umeme tuli utoke polepole na mtu asipigwe shoti akigusa waya wa umeme kwa bahati mbaya. Nyumbani hauna bangili. Unachohitaji ni wewe na mashine kuwa na volti sawa: gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika chochote, na rudia kila unapoinuka na kurudi. Mashine ya kufyonza vumbi iache kwa ajili ya zulia. Vumbi linalokimbia ndani ya bomba lake la plastiki hujenga umeme tuli mwingi pale kwenye ncha.

Sasa tufungue

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke. Toka nje, uani au barazani, funga kitambaa puani. Gusa chuma cha kasha. Fungua mfuniko wa pembeni.

Anza na brashi laini kavu, ya rangi au ya vipodozi iliyo mpya, ukilegeza vumbi kwenye mapezi na matundu. Kisha puliza kuelekea nje, kwa blowa ndogo ya mkono au ile pampu ya mpira ya kubana. Shikilia feni kwa kidole au kijiti isizunguke: ikizungushwa kuliko kasi yake, bearing zinaumia, na mota yake inaweza kugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme kwenye bodi. Kompresa ya matairi ina nguvu kupita kiasi, na hewa yake mara nyingi inatema maji na mafuta. Hilo ndilo lililoiua feni ya mama.

Meno ya RAM yafute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mbali na moto, yakauke kabisa ndipo uyarudishe. Diski usiifungue. Pawa saplai pia usiifungue kamwe, hata kama haijachomekwa: kapasita zake hushika zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Ipulize kupitia matundu yake, inatosha. Ukimaliza, subiri mpaka kila kitu kiwe kikavu, funga, rudisha mashine mahali ambapo nyuma yake pana nafasi ya kiganja kizima mpaka ukutani. Isikae sakafuni. Kitambaa kitolewe kabla ya kuwasha.

Fanya hivi kila baada ya miezi mitatu au minne kama mko kando ya barabara ya vumbi. Kompyuta ya steshenari niliinunulia feni nyingine kwa hela ya kujikimu, nikala maharage mwezi mzima. Bado inachapa barua. Nikienda likizo naisafisha mimi, kwa brashi, na mama anasimama mlangoni kuhakikisha sielekei kona ile.